Kijiti cha Maharage Ambacho Hakikuwapo

Sharifu Shechambo ana jicho moja, na kwa miaka kumi na mitano hilo moja ndilo limekuwa likiaminiwa kuliko yote kwenye bwawa la kuoshea karoti la Lukozi. Wanaume wakishazikanyaga karoti majini mpaka udongo ukatoka, yeye hukaa ukingoni juu ya gunia tupu na kuzichambua. Nyoofu huku, zilizopasuka kule, na zile zilizoota miguu miwili hutupwa pembeni kwa ajili ya ng'ombe. Haangalii karoti moja mara mbili. Nassoro, dereva wa lori la Fuso linalozipeleka Dar es Salaam, alizoea kusimama nyuma yake na kumchokoza, akimwita mgoshi, yaani mwanamume kwa Kishambaa.

“Mgoshi, wewe uliumbwa kuokoa muda. Wenzio wana macho mawili, mpaka yaelewane jua limezama.”

“Wewe si unayo mawili,” Sharifu alimjibu bila kugeuka, “na gari ukalilaza kwenye kona ya Soni.”

Jicho la kushoto alilipoteza akiwa na miaka miwili. Habari yake ilijulikana na kila mtu kijijini: mwaka 1990 alikuwa akikimbia shambani nyuma ya mama yake, akajikwaa, akaangukia kijiti cha kuegemezea maharage. Alipelekwa hospitali, jicho likatolewa. Sharifu mwenyewe aliisimulia habari hiyo mara nyingi kiasi kwamba alianza kuikumbuka. Angeweza kusema kijiti kilikuwa cha mti gani, na kwamba kilichongwa upande mmoja.

Habari ya kijiti ilikuwa na kazi yake. Mwaka 2019 alipoposa kwa akina Shamsa, familia ya msichana iliwatuma wajomba wawili kuchunguza ukoo wa kijana, kama inavyofanyika kwa kila posa milimani huku. Wajomba huuliza kwa majirani, si kwa wenye nyumba. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna mtu aliyewahi kufungwa kamba kwa wazimu? Na kilema cha kijana kimetoka wapi? Hilo la mwisho lina kanuni yake. Kilema cha ajali hakimzuii mtu kuoa. Kilema cha ukoo kinamzuia, na kinawazuia pia ndugu zake. Majirani wote walijibu kijiti cha maharage, na walijibu kwa moyo safi kwa sababu ndivyo walivyojua. Wajomba waliridhika. Ndoa ilifungwa mwezi wa nane.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Aprili 2022, katikati ya mfungo, wakamwita Saumu. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na kadi yake ya kliniki haikuwa na alama yoyote ya wasiwasi.

Sikukuu ya Idd ya mwaka uliofuata, Saumu akiwa na mwaka mmoja na siku chache, Shamsa alimpiga picha kwa simu ndani ya nyumba. Taa ya simu iliwaka. Kwenye picha mboni ya jicho la kulia ilionekana nyekundu kidogo, kama inavyotokea kwa watu wengi. Ya kushoto ilionekana nyeupe, nyeupe ya maziwa. Shamsa aliicheka.

“Mama, tazama. Mjukuu wako ana jicho la paka.”

Bi Mwanahawa, mama yake Sharifu, aliishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akairudisha.

“Simu zenu hizi,” alisema. “Zinaharibu sura za watoto.”

Akatoka kwenda kuchuma mboga. Shamsa anakumbuka kwamba alirudi na kikapu kitupu, na kwamba siku ile hakuona ajabu.

Hiyo ilikuwa Aprili. Mei na Juni zilipita. Julai jicho la kushoto la Saumu lilianza kuelekea puani, na watu wakasema makengeza ya utotoni huisha yenyewe. Septemba muuguzi wa zahanati, aliyemshika mtoto kwa ajili ya kumpima uzito tu, alimgeuza kwenye mwanga wa mlangoni na kumwangalia kwa muda mrefu. Hakuwaambia ni ugonjwa gani. Aliandika rufaa, akaipigia mstari mara mbili, na kuwaambia wasipitie kwa mganga wala kwa duka la dawa, waende Moshi wiki hiyohiyo.

Moshi, kwenye hospitali ya rufaa, Saumu alilazwa kwa dawa ya usingizi ili macho yake yaweze kuchunguzwa bila kutikisika. Daktari wa macho, Jackline, mwanamke mrefu anayeongea polepole, aliwaita wazazi baadaye kwenye chumba chenye viti vitatu. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa uvimbe na halikuwa likiona tena. Litatolewa. La kulia lilikuwa na uvimbe mdogo sehemu tatu, na kwa hilo kulikuwa na matumaini ya kupigania. Ugonjwa ni saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Shamsa aliuliza swali moja tu.

“La kulia litabaki?”

“Hilo ndilo tutakalofanyia kazi,” alisema daktari. “Siwezi kuahidi.”

Kisha akamgeukia Sharifu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni kwa namna ya kazi.

“Baba Saumu, jicho lako lilipotea vipi?”

“Kijiti cha maharage.”

“Unakumbuka?”

“Nakumbuka vizuri.”

“Ulikuwa na miaka mingapi?”

“Miwili.”

Daktari alisogeza kiti chake karibu. Aliomba amchunguze. Alilipima jicho lililobaki, akalikuta zima. Aliangalia kope na ngozi ya upande wa pili, akitafuta kovu, akalikosa. Akauliza nani alimpeleka hospitali mwaka ule, na kama yuko hai. Sharifu alipiga simu Lukozi, akaiweka mezani sauti ikiwa juu.

“Shikamoo mama,” alisema daktari.

“Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje?”

“Amelala. Mama, nahitaji kujua jicho la Sharifu liliumia namna gani. Jibu lako litanisaidia kumtibu mjukuu.”

Kwenye simu walisikika kuku, na mtu akipasua kuni.

“Mwambie nitamweleza akirudi nyumbani.”

“Nahitaji sasa, mama.”

“Hakukuwa na kijiti,” alisema Bi Mwanahawa. “Liling'aa kama la huyo. Daktari wa wakati ule alisema kuna uvimbe ndani, akautoa pamoja na jicho. Sikumwambia mtu.”

Kuni ziliendelea kupasuliwa. Sharifu alinyoosha mkono, akaikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mama yake.

Aliyoyaeleza daktari baada ya hapo Sharifu anaweza kuyarudia karibu neno kwa neno. Kila seli ya mwili hubeba maagizo yote ya mwili, na karibu kila agizo liko mara mbili, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Mojawapo ni jeni iitwayo RB1, iliyoko kwenye kromosomu ya kumi na tatu. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike pasipo sababu. Kila seli inapogawanyika hunakili maagizo yake yote, herufi kwa mabilioni, na wakati wa kunakili makosa hutokea. Mengi husahihishwa palepale. Machache hupita, na mengi ya hayo hayadhuru. Kosa likiiharibu nakala moja ya RB1, ya pili bado inaizuia seli. Zikiharibika zote mbili ndani ya seli moja, kizuizi hakipo. Seli hiyo hugawanyika, zinazotokana nayo nazo hugawanyika, na katika haraka hiyo makosa mengine huongezeka. Seli iliyokuwa ya kuonea inakuwa ya kujizidisha tu.

“Unajua magari?” daktari alimuuliza.

“Nina rafiki wa Fuso.”

“Fuso ina breki ya mguu na breki ya mkono. Moja ikifa?”

“Anashuka taratibu mpaka Mombo kule chini ya mlima.”

“Zikifa zote?”

“Hafiki Mombo.”

“Mtoto mwenye nakala mbili nzima, kuzipoteza zote ndani ya seli moja ni bahati mbaya ya nadra sana. Saumu alizaliwa na breki moja kwenye kila seli. Retina ya mtoto ni mamilioni ya seli zinazojigawa. Ilihitajika kosa moja tu zaidi, mahali popote. Kwake limetokea mahali pane.”

“Basi hiyo iliyokufa itengenezwe.”

“Iko kwenye kila seli, baba. Damu, mifupa, ngozi. Hakuna gereji ya kazi hiyo, hapa wala Ulaya.”

Sharifu aliuliza kama ni dawa za kunyunyizia kabichi. Alizibeba mgongoni tangu akiwa na miaka kumi na minne, na bomba lilikuwa likivuja. Daktari alisema hakuna anayeweza kuonyesha hivyo. Na kwa vyovyote yeye mwenyewe aliugua kabla hajashika bomba. Akauliza kama ni ukoo wa mama au wa baba. Daktari alisema inawezekana si wa yeyote: kosa huweza kutokea siku mimba inapotungwa, katika mbegu moja ya mzazi mzima, bila sababu inayojulikana. Akauliza kama ni kijicho cha watu. Daktari alisema hilo hana kipimo chake.

“Kwa hiyo nimempa mimi.”

“Hukujua, na hukuchagua. Kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu.”

“Lakini nimempa mimi.”

“Ndiyo,” alisema daktari.

Jicho la kushoto lilitolewa siku mbili baadaye. La kulia lilianza matibabu: dawa za saratani kwa dripu, kila baada ya wiki tatu au nne, mara sita, na mionzi ya leza kwenye uvimbe wakati mtoto amelala kwa dawa. Sharifu na Shamsa walishuka na kupanda njia ya Mombo na Same kwa zamu, mmoja na mtoto, mmoja shambani. Nywele za Saumu zilinyonyoka. Alitapika kwenye kanga zote alizokuwa nazo mama yake.

Nyumbani, baada ya safari ile ya kwanza, Bi Mwanahawa aliwaeleza. Alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi na hakuacha kumenya.

“Ungeoa wapi?” alimwambia mwanawe. “Niambie. Walikuja wajomba wawili hapa, wakanywa chai kwa jirani, wakauliza. Wangejibiwa uvimbe, ungekuwa umekaa hapa na mimi mpaka leo. Na dada zako pia.”

“Na nilipokwisha kuoa, mbona hukuniambia?”

“Nilidhani limekwisha. Walilitoa. Mtu akitolewa jino bovu, mwanawe huzaliwa na jino bovu?”

“Na picha ya Idd?”

Alimaliza ndizi, akachukua nyingine.

“Niliiona. Nilijua siku ileile. Kila siku nilisema kesho nitasema.”

Shamsa alikuwa mlangoni, amembeba mtoto mgongoni. Tangu Moshi hakuwa amesema neno kuhusu wajomba wala posa, na mumewe alikuwa akilisubiri.

“Mama,” alisema, “ningekubali kuolewa hivyohivyo. Ila ningekuwa namwangalia mtoto macho.”

Hakulirudia.

Kwa hesabu ya daktari, kama ukoo ungejulikana, Saumu angechunguzwa tangu wiki zake za kwanza, na uvimbe ungekutwa ukiwa mdogo kama punje ya ulezi. Nakala iliyoharibika ingekuwa ileile. Muda tu ndio ungekuwa tofauti. Miezi mitano kati ya picha na zahanati ingetosha kuliokoa jicho? Sharifu alimuuliza hivyo mara mbili, kwenye safari mbili tofauti, kana kwamba jibu lingebadilika njiani. Mara zote alijibiwa: huenda, haiwezekani kujua.

Januari uvimbe wa jicho la kulia ulikuwa umesinyaa, ukawa kama jibini lililokauka, na daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Saumu alikuwa amejifunza kutembea akigeuza kichwa kidogo kushoto, ili jicho moja limudu pande zote. Baba yake hutembea hivyohivyo. Kwenye bwawa la karoti watu waliwaona wakija wamegeuza vichwa upande mmoja, mkubwa na mdogo, na Nassoro alisema sasa Lukozi ina wachambuzi wawili. Sharifu alicheka. Saumu aliokota karoti zenye miguu miwili, akakataa kuzitupa. Alizipanga kwenye kanga, akaziita watu. Miezi ile michache, Shamsa anasema, walikuwa wameanza kuongea mambo mengine.

Mei 2024 uchunguzi ulionyesha chembe mpya. Hizi hazikuwa zimekaa kwenye retina. Zilikuwa zikielea ndani ya ute wa jicho, nyingi, mahali ambapo leza haifiki na dripu hufika kwa shida. Zilijaribiwa dawa nyingine. Juni zilikuwa zimeongezeka. Seli zilizokufa kwa dripu zilikuwa zile dhaifu. Zilizobaki zilikuwa zimepata mabadiliko mapya yaliyozifanya zivumilie, na ndizo zilizozaa.

Julai daktari Jackline aliwaita kwenye chumba kilekile cha viti vitatu.

“Tulitoe,” alisema.

“Hilo ndilo analoonea,” alisema Sharifu.

“Najua.”

“Nikikataa?”

“Zitapita kwenye neva ya jicho. Neva ile inaingia kwenye ubongo. Siwezi kukwambia ni wiki ngapi. Zikifika huko sitakuwa na la kufanya.”

Sharifu alivua kofia yake, akaishika magotini. Alisema alilokuwa amelifikiria tangu Mombo.

“Chukueni langu. Nimeshaona vya kutosha.”

“Jicho zima halihamishiki, baba. Hakuna anayeweza kuunganisha neva zake.”

“Kipande basi.”

Daktari aliweka kalamu yake mezani.

“Hata ingewezekana,” alisema, “kila seli ya jicho lako ina kasoro ileile. Lako lilipona kwa bahati tu.”

Fomu ya ridhaa ina nafasi ya jina la mgonjwa, upande wa jicho, na sahihi ya mzazi. Sharifu aliisoma yote, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya kila kitu. Pale palipoandikwa upande palikuwa pameshajazwa: kulia. Aliangalia muda mrefu kama kuna kosa. Hapakuwa na kosa. Akatia sahihi, akampa Shamsa kalamu, ingawa sahihi ya mmoja ilitosha.

Saumu aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi, ameshika karoti ndogo ya miguu miwili iliyonyauka, ambayo muuguzi aliichukua mlangoni na kumrudishia mama yake. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba neva ilikuwa safi. Saratani ilikuwa haijatoka nje ya jicho. Daktari aliwaeleza hilo kama habari njema, na ilikuwa habari njema. Aliwaeleza pia kwamba nakala moja iliyoharibika bado iko kwenye seli zote za mtoto, na za baba yake; kwamba hatari ya saratani za mifupa na misuli itawafuata maishani; waje mara moja wakiona uvimbe wowote. Na wakipata mtoto mwingine, wamlete akiwa na siku chache. Shamsa alitikisa kichwa kukubali. Kuhusu mtoto mwingine hawajaongea.

Bi Mwanahawa sasa anasema ukweli kwa kila anayekuja kutoa pole, hata kwa wasiouliza. Anaanza mwaka 1990 na kumaliza na picha ya Idd. Binti yake wa mwisho, ambaye posa yake ilikuwa ikichunguzwa, hajasikia tena kutoka kwa wajomba wa upande wa pili. Sharifu amerudi bwawani. Nassoro husimama nyuma yake kama zamani, huvuta sigara, husema mvua au barabara, kisha huenda kwenye gari lake. Utani hakuna.

Nyumba yao ina taa moja ya sola, na swichi yake iko karibu na mlango. Siku bandeji ilipotolewa, saa sita mchana, dirisha likiwa wazi, Saumu alikaa kwenye mkeka na kusema:

“Baba, washa.”

Sharifu alimweleza. Alimweleza kwa maneno ya mtoto wa miaka miwili, kwa Kiswahili na kisha kwa Kishambaa. Saumu alisikiliza mpaka mwisho.

“Washa,” alisema.

Ameendelea kusema hivyo karibu kila siku, mara nyingi mchana, baba yake anaporudi kula. Wiki ya kwanza Sharifu alirudia maelezo. Siku hizi anainuka, anakwenda hadi mlangoni na kubonyeza swichi. Inalia ‘tak’. Saumu anaisikia, anageuza kichwa kushoto kama alivyozoea, na kusubiri.